PAS haikushika, Grocott imetoka nyeusi tii: niamini ipi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa maabara hapa Mombasa, mwaka wangu wa pili kwenye histolojia. Tumeletewa kipande cha nyama kilichokatwa puani kwa mzee mwenye kisukari. Uso umemvimba upande mmoja na kaakaani ana kidonda cheusi. Kwenye H na E, rangi ya kawaida ya kila kipande, daktari wa patholojia aliona tishu iliyokufa na "kama nyuzi hivi", hakuwa na hakika, akaomba PAS na Grocott, rangi mbili za kutafutia fangasi. PAS haikuonyesha kitu. Grocott imekuwa nyeusi kila mahali, huwezi kujua uzi ni upi na nyama ni ipi. Daktari atarudi keshokutwa. Je, niandike hakuna fangasi? Tena meneja anasema gharama zimezidi, tubaki na rangi moja tu. Tubaki na ipi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kabla hujaendelea kusoma, mpigie simu daktari wa patholojia, naye ampigie daktari anayemtibu huyo mzee. Usingoje keshokutwa. Kisukari, uso kuvimba upande mmoja, kaakaa kuwa jeusi, na nyuzi ndani ya tishu iliyokufa: mambo hayo manne yakikutana, fikra ya kwanza ni mukomikosi, yaani fangasi za jamii ya Mucorales. Fangasi hizi huingia ndani ya mishipa ya damu na kuiziba, nyama ikafa kwa kukosa damu, na kutoka puani hupanda hadi kwenye jicho na ubongo kwa siku chache. India waliziona kwa wingi mwaka 2021, kwa wagonjwa wa Uviko wenye kisukari waliokuwa wamepewa dawa za steroidi. Matibabu ni amfoterisini B pamoja na upasuaji wa kuondoa nyama iliyokufa. Vorikonazoli, dawa inayowafaa wagonjwa wa Aspergillus, fangasi nyingine ya nyuzi, haizigusi kabisa. Ndiyo maana hata neno "kama nyuzi" la kwenye H na E linatosha kupigiwa simu.

Sasa swali lako. Usiandike "hakuna fangasi". Slaidi zako mbili hazijasema kwamba fangasi hakuna, hazijasema lolote. Hukunitajia slaidi ya kontroli, yaani ile yenye fangasi tunayoijua inayopakwa pamoja na ya mgonjwa, hata mara moja, na hilo ndilo lililonishtua kuliko ule weusi. Rangi isiyo na kontroli ni kama mizani ambayo hujui kama jiwe lake ni kilo au nusu kilo.

Tuanze na PAS, kwa sababu habari yake ni fupi. Asidi ya periodiki hukata sukari zilizo kwenye ukuta wa fangasi na kuacha ncha za aldehidi. Maji ya Schiff, ambayo yenyewe hayana rangi, yakikutana na ncha hizo hugeuka wekundu wa zambarau. Hugo Schiff aliyatengeneza mwaka 1866, na mpaka leo adui yake mkubwa ni lile joto tunaloishi nalo hapa pwani. Uhai wa Schiff ni gesi ya salfa iliyoyeyuka ndani yake. Chupa ikikaa mezani mchana kutwa, au stima ikipotea friji likalala bila baridi, gesi hutoroka kidogo kidogo. Schiff nzima haina rangi, au ina umanjano hafifu, na ukifungua kifuniko inakuchoma pua. Ukiona imeanza kuwa ya waridi na harufu imefifia, hiyo imekufa.

Ipime hivi: chukua mililita kumi za fomalini kali, ile ya 37 hadi 40% ambayo haijachanganywa na maji, dondoshea matone machache ya Schiff. Iliyo nzima hugeuka nyekundu ya zambarau papo hapo. Iliyochoka hukawia, kisha hutoa zambarau nzito inayoelekea bluu. Ni kipimo cha dakika moja, kifanye kila Jumatatu.

Na hata slaidi uliyokwisha kuipaka inaweza kukutolea ushahidi. Irudishe chini ya hadubini, tafuta ukingoni mahali ambapo ngozi laini ya pua bado ina uhai. Hapo kuna seli za ute, zile zenye umbo la bilauri, na chini yake utando mwembamba uliobeba seli. Vyote viwili lazima viwe vyekundu kwenye PAS iliyofanya kazi. Vikiwa vimepauka, tatizo ni Schiff au asidi yako, wala si mgonjwa. Vikiwa vimeshika vizuri na nyuzi hazionekani, hapo ndipo tunaanza kuzungumza. Na hata hapo, tahadhari: Mucorales ni wagumu kushika rangi, PAS na Grocott zote. Mara nyingi huonekana wazi zaidi kwenye H na E ya kawaida, kitu ambacho wanafunzi wengi hawaamini mpaka wakione kwa macho yao.

Sasa Grocott, na hapa nitakaa zaidi kwa sababu ndipo watu wa Mombasa tunapoumia.

Gomori, akiwa Chicago, alitumia fedha na methenamini mwaka 1946 kuonyesha glikojeni na ute. Mwaka 1955 Grocott, mtu wa maabara kama wewe, aliyekuwa hospitali ya Gorgas katika ukanda wa Mfereji wa Panama, akaigeuza njia hiyo iwe ya fangasi. Panama nayo ni joto na unyevu wa bahari kama kwetu, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba rangi hii haiwezekani pwani.

Kazi yake ni hii. Asidi ya kromiki ya 5% kwa saa nzima huchoma sukari za tishu kwa nguvu kuliko ile ya periodiki. Huzichoma mpaka aldehidi za kolajeni, yaani nyuzi za kawaida za tishu, na za utando zinapitiliza na kwisha. Ukuta wa fangasi una sukari nyingi mno, kwa hiyo humo hubaki aldehidi za kutosha kuigeuza nitrati ya fedha kuwa fedha halisi, nyeusi. Maana yake, ukiipunja asidi ya kromiki, ukaitoa dakika ishirini kwa sababu foleni ni ndefu, au ukatumia ile iliyokwisha kubadilika kutoka rangi ya chungwa ikawa kahawia yenye ukijani, kolajeni itabaki na aldehidi zake na itakuwa nyeusi pamoja na fangasi. Hicho ni chanzo cha kwanza cha weusi wako.

Chanzo cha pili ni muda kwenye fedha. Kitabu kinasema dakika thelathini hadi sitini kwenye nyuzi joto 58 hadi 60, watu wanaweka saa na kwenda kunywa chai. Fedha haipikwi kwa saa. Wewe ni mtoto wa Mombasa, unajua hina: ukiitoa mapema inakuwa rangi ya chungwa, ukichelewa inaiva kupita ulivyotaka, na mikono miwili ya mtu mmoja haiivi sawa. Fedha ni hivyo hivyo. Dakika ya ishirini itoe slaidi ya kontroli, isuuze kwa maji ya distili yaliyo moto kama yale ya chombo, itazame chini ya hadubini ikiwa na maji yake. Kisha rudia kila dakika tano. Kwa macho matupu tishu inatakiwa iwe kahawia ya manjano, kama bahasha ya kaki. Ikishakuwa rangi ya kahawa umechelewa. Na joto lipimwe ndani ya kimiminika chenyewe, usitegemee namba iliyoandikwa kwenye mlango wa ovini.

Chanzo cha tatu ni maji. Nyumba na ofisi nyingi hapa kwetu zinategemea visima, na visima vingi vya pwani ni vya maji ya chumvi. Chumvi ni kloridi. Nitrati ya fedha ikikutana na kloridi hutoa wingu jeupe, fedha inakwisha kazi kabla haijamfikia fangasi, na lile wingu huzama juu ya tishu kama mashapo, kisha hupigwa na mwanga likawa jeusi. Maji ya bomba nayo, hata yale mazuri yanayotoka Mzima au Baricho, yana kloridi ya kutosha kuharibu. Kuanzia pale unapomaliza kuosha baisulfaiti, ile ya kuondoa mabaki ya kromiki, mpaka unapomaliza kloridi ya dhahabu inayofuata fedha, hakuna tone la bomba wala la kisima linaloruhusiwa. Ni maji ya distili tu, nayo ubadilishe mara tatu nne kabla ya fedha na mara sita baada yake.

Nimelipia somo hili. Miaka mingi nyuma, hospitali moja niliyofanyia kazi, tulikaa kama wiki tatu kila Grocott inatoka ya kijivu, vumbi jeusi kila mahali. Tulilaumu nitrati, tukaagiza nyingine. Tukalaumu slaidi. Siku moja nikatia matone ya nitrati ya fedha kwenye bilauri iliyojazwa kutoka kwenye dumu lililoandikwa kwa wino mkubwa "distili". Yakageuka kama tui. Kumbe mashine ya kutonesha ilikuwa imeharibika, na mtu wa zamu ya usiku, kwa nia njema kabisa, alikuwa anajaza lile dumu kutoka kwenye tangi la kisima ili asubuhi tusikute tupu. Katika wiki hizo tatu kulikuwa na vipande vya mapafu ambavyo tulivitolea majibu. Nililazimika kutoa bloku zote, yaani vipande vilivyozamishwa kwenye nta, kwenye kabati na kukata upya, moja moja, na bado sijasahau ile hofu ya kugeuza kila slaidi.

Kwa hiyo kabla ya kila Grocott, tia matone mawili ya nitrati kwenye bilauri ya maji unayotarajia kutumia. Yakibaki maangavu, endelea. Yakiingia ukungu, hata kidogo, yaache. Vioo pia vioshwe kwa asidi na kusuuzwa kwa maji hayo hayo, wala usitumbukize koleo ya chuma kwenye fedha. Tumia ya plastiki, au ichovye ncha kwenye nta ya parafini.

Utajuaje weusi wako ni wa aina gani? Slaidi itakuambia. Chukua lenzi ya 40, zungusha skrubu ya kulenga polepole. Kama vumbi jeusi linaonekana kali wakati tishu bado ina ukungu, na vumbi hilo hilo lipo hata kwenye kioo kitupu pasipo na nyama, ni mashapo: maji au vioo. Kama weusi uko ndani ya tishu yenyewe, umefuata nyuzi za kolajeni na hata seli nyekundu za damu, basi ni muda, au asidi ya kromiki. Seli nyekundu zilizopitiliza hivyo zina hatari yake, kwa sababu ukubwa wake unakaribiana na wa Pneumocystis, fangasi ya mapafu, na kwenye pafu la mgonjwa wa Ukimwi mtu asiye makini anaweza kuzihesabu kuwa ndizo.

Kuhusu kontroli, watu wengi huweka Aspergillus au Candida, na kwa siku za kawaida inatosha. Kwa mzee huyu haitoshi. Aspergillus huinywa fedha upesi. Utaiona nyeusi na nzuri, utatoa slaidi zote, kumbe Mucorales wa mgonjwa bado ni kijivu hafifu. Ukipata bloku yenye Mucorales, iwe ya upasuaji au ya uchunguzi wa maiti, itunze kama pete ya bibi. Nilipokosa kabisa, niliwahi kutumia mkate uliovunda. Ule ukungu wa kijivu wenye vichwa vyeusi kama vya pini mara nyingi ni Rhizopus, mmoja wa jamii hiyo hiyo. Niliufunika kwa fomalini ndani ya kabati la usalama ili vumbi lake lisiruke, nikauzamisha kwenye nta kama tishu nyingine. Thibitisha kwanza kwa hadubini kwamba ni nyuzi pana, maana mkate huota ukungu wa kila namna. Kata kontroli na uiweke kwenye slaidi ile ile ya mgonjwa, zipite kwenye maji yale yale na dakika zile zile.

Ukishapata slaidi safi, angalia upana kabla ya jambo lolote. Rula unayo bure: seli nyekundu ya damu ni kama mikroni saba. Uzi wa Aspergillus ni mikroni 3 hadi 6, mwembamba kuliko seli hiyo, kingo zake zimenyooka sambamba, una vikuta vya kugawa kila hatua, na hujigawa kama panda ya manati. Uzi wa Mucorales mara nyingi ni mikroni 10 hadi 20, kingo hazilingani, vikuta ni vichache mno, na hujikunja na kujipinda kama ukindu uliolowekwa kabla ya kusukwa mkeka. Ukikatwa kwa upande utaona mviringo mtupu kama bomba. Tawi hutoka karibu pembe ya mraba, lakini pembe usiiamini sana, kwa sababu ndani ya tishu nyuzi husukumwa na kukunjwa. Upana ndio shahidi mzuri. Tazama hasa ndani ya kuta za mishipa ya damu. Na jina la fangasi usiliandike wewe, wala daktari asiliandike kwa rangi peke yake. Inatosha kusema nyuzi pana, zenye vikuta vichache, zimeingia kwenye mishipa. Jina kamili litatoka kwenye kuotesha.

Na hapo kuna jambo ambalo huenda limeshawapita: je, kipande chote kilitiwa kwenye fomalini? Fangasi iliyokwisha kuingia fomalini haioti tena. Mwombe daktari wa upasuaji, akirudi kusafisha nyama iliyokufa, atoe kipande cha pili kwenye maji ya chumvi ya hospitali, ya 0.9%, kije kwenu mara moja. Kikifika, msikisage. Nyuzi za Mucorales hazina vikuta vya kutosha vya kuzihami, ukizisaga zinapasuka zote na sahani ya kuoteshea inabaki tupu. Kikateni vipande vidogo kwa kisu. Kijipande kimoja kitieni kwenye hidroksidi ya potasiamu ya 10 hadi 20% juu ya slaidi, mfunike, mngoje nyama iyeyuke, mtazame. Kabla hata Grocott haijaanza kupashwa moto mtakuwa mmeshaona kama nyuzi zipo.

Sasa meneja na rangi yake moja. Mwambie kwa heshima kwamba anachouliza ni sawa na kuuliza jikoni kubaki na kisu au na mwiko. Schiff hamtumii kwa fangasi pekee. Ini na figo vinaidai kila wiki. Ila akishikilia kabisa, na iwe ni kwa ajili ya fangasi tu, mimi ningebaki na Grocott. Pneumocystis kwenye pafu, ambaye H na E humwonyesha kama povu tu, PAS si ya kumtegemea, na Grocott humtoa wazi. Fangasi ya Histoplasma iliyokufa zamani ndani ya kovu, mikroni 2 hadi 4 tu, PAS mara nyingi huikosa. Grocott huchafua nyuma, inasumbua, inakula muda, lakini ikifanywa vizuri hukosa machache. PAS naipenda kwa sababu inaniachia umbo la tishu nione fangasi imekaa wapi, na ningesikitika kuipoteza. Kwa fangasi ya Cryptococcus hakuna kati ya hizo mbili inayotosha peke yake: rangi ya musikamini hupaka koti lake la ute rangi nyekundu, na pale koti linapokuwa jembamba, Fontana-Masson, rangi nyingine ya fedha, huonyesha melanini kwenye ukuta wake.

Gharama hupunguzwa kwa njia nyingine. Msinunue chupa kubwa za Schiff, nusu yake inakufia frijini. Nitrati ya 5% itengenezwe kidogo kidogo, ikae kwenye chupa ya kahawia, gizani. Mchanganyiko wa fedha utengenezwe wa kutosha vyombo vya siku hiyo tu. Uliobaki usiuweke, na ule wa Fontana wenye amonia usiuache ukauke kabisa, kwa sababu ukikauka unaweza kulipuka. Asidi ya kromiki husababisha saratani, kwa hiyo vaa glavu, na iliyotumika iingie kwenye dumu lake la taka, isiende kwenye sinki.

Kwa leo, fanya hivi. Toa ile bloku, kata vipande sita vya mikroni nne, ukiruka kidogo kati ya kimoja na kingine ili uingie ndani zaidi ya tishu. Viwili vya H na E, viwili vya Grocott, viwili vya PAS. Pima maji, pima Schiff, weka kontroli. Ukianza saa mbili asubuhi, kromiki saa nzima, fedha hadi saa nzima, kabla ya adhuhuri Grocott itakuwa imeshafunikwa kioo. Kwenye daftari la majibu, mpaka hapo, andika kwamba rangi za awali hazikufaa kusomwa, zinarudiwa, na kwamba daktari amejulishwa kwa simu, na saa uliyompigia. Ile slaidi nyeusi usiitupe. Ifunge karatasi, andika tarehe na chanzo utakachokigundua, iweke kwenye droo ya mafunzo, kwa sababu mwakani ataletwa kijana mwingine kwenye benchi lako.